Pikapu ya Mwalimu

Siku ambayo pikipiki iliyobeba kochi la watu watatu ilimpita mlimani, Injinia aliamua kwamba injini ya gari lake lazima ifanyiwe kitu.

Hakuwa injinia. Jina hilo alipewa na majirani kwa tabia yake ya kusimama mbele ya gari lolote lililofunguliwa boneti, mikono nyuma, na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Gari nalo halikuwa lake. Kadi ilikuwa na jina la mkewe, Mwalimu wa hisabati wa darasa la sita, aliyelinunua kwa mkopo wa chama cha akiba cha walimu na kuulipa kwa miaka minne. Lakini katika nyumba ile hakukuwa na mtu mwenye roho mbaya ya kulitaja jambo hilo kila siku. Lilitajwa mara mbili au tatu kwa wiki tu.

Hata kazi yenyewe, ya kupandisha maji mlimani, aliitafuta Mwalimu. Shule aliyofundisha ilijengwa juu mlimani na watu ambao bila shaka walitaka elimu iwe karibu na mbingu, na maji ya bomba yalikuwa hayajawahi kuwa na hamu ya kupanda huko. Kamati ya shule ilikuwa inajenga vyoo vya wasichana, maana vya zamani vilikuwa vimetitia, na wasichana walikuwa wakishuka bondeni vichakani wakati wa mapumziko, wawili wakijisaidia na mmoja akilinda. Alitakiwa mtu wa kupeleka maji ya ujenzi na ya kunywa kila siku. Mwalimu akamsemea mumewe kwa mkuu wa shule.

Injinia akaenda kwa mchomeleaji, akatengenezewa tela ya magurudumu mawili, na juu yake akafunga tangi la lita elfu mbili. Mchomeleaji, mtu wa maneno machache, alimshauri aiwekee tela breki zake yenyewe. Lita elfu mbili ni tani mbili, alisema, na tani mbili zikitaka kurudi nyuma haziombi ruhusa. Injinia alimwambia kwamba shida yake ni kupanda. Habari za kusimama hakuwa ameziulizia.

Na kupanda kukawa shida kweli. Pikapu ya dizeli, ambayo mahali tambarare ilikuwa na heshima zake, ikifika mlimani iliingia gia namba moja na kubaki humo, ikilalamika kama mgonjwa anayetaka wageni wajue anaumwa. Mshale wa joto ulipanda kuliko gari. Waashi walimsubiri wamekaa juu ya matofali, mchanga na saruji vikiwa vimechanganywa vikavu tangu asubuhi. Mkuu wa shule, mwanamume mwenye adabu ya aina ile inayouma, alimpokea kila siku kwa sentensi moja: "Ahaa, tulidhani leo umepumzika." Mwisho wa wiki ya pili akaongeza nyingine. Kamati ingesubiri hadi mwisho wa mwezi, kisha ingeangalia watu wengine wenye magari yanayotembea.

Ndipo akapatikana Daktari. Huyu alikuwa na karakana safi kuliko zahanati, koti jeupe, na kompyuta aliyoichomeka chini ya usukani wa magari ya watu ili, kwa maneno yake, kuyatoa usingizini. Alimweleza Injinia kwamba pikapu ile ilitoka kiwandani imefungwa. Ndani yake kulikuwa na nguvu nyingi zaidi zilizolala, na zikiamshwa gari lingevuta tela kama linavuta kitoroli cha mtoto, tena kwa mafuta pungufu. Injinia alisikiliza kama mtu anayesomewa wosia ambao jina lake limo.

Siku hiyo, kabla hata ya kunawa mikono, alilifikisha jambo mezani. Mezani walikuwa watatu: yeye, mkewe, na Babu, yaani baba yake Mwalimu, dereva mstaafu wa malori aliyehamia kwa binti yake baada ya magoti kugoma. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa.

"Inaongeza nguvu," alisema.

"Inaongeza."

"Na inapunguza mafuta."

"Inapunguza."

"Kwa hiyo gari linafanya kazi kubwa zaidi kwa chakula kidogo zaidi."

"Ndiyo teknolojia yenyewe, mama."

"Na waliolitengeneza hawakulijua hilo?"

Injinia alimweleza, kwa upole anaopewa mtoto wa chekechea, kwamba watengenezaji wanajua kila kitu, ila wanafunga nguvu makusudi ili watu wakanunue magari makubwa. Aliona kwenye simu. Yule aliyeeleza alikuwa mtu mzito, amevaa kofia, na nyuma yake kulikuwa na injini nzima imening'inizwa kwa minyororo. Mwalimu alitaka kujua kama mtu huyo naye anauza hiyo dawa. Injinia alisema hilo halihusiani.

Babu alipoulizwa alijibu kwa tahadhari ya mtu anayekula meza moja na pande zote mbili. Enzi zake, alisema, gari likichoka walisafisha nozeli za dizeli, wakabadilisha filta ya hewa, wakapunguza mzigo. Lita elfu moja, mara mbili. Injinia akacheka. Mara mbili ni mafuta mara mbili, hata asiyesoma anajua. Mwalimu alisema hata aliyesoma angepima kwanza kabla ya kusema, kisha akafunga daftari la mwisho.

"Gari langu halitaguswa kompyuta," alisema. "Kasafishe hizo nozeli."

Ikawa mara ya tatu kwa wiki ile neno "langu" kutajwa, na ilikuwa Jumatano tu. Injinia alinyamaza. Walioishi naye walijua kwamba kunyamaza kwake hakukuwa na maana ya kukubali.

Wiki iliyofuata Mwalimu alikwenda semina ya siku tatu. Alfajiri ya siku ya kwanza alipanda basi, na saa mbili asubuhi pikapu yake ilikuwa karakanani kwa Daktari. Injinia alimchukua Babu, kwa sababu mkwe aliyeshuhudia ni mkwe aliyeshiriki. Babu alikaa kwenye benchi, akaambiwa jambo hili ni la kumfurahisha Mwalimu kwa kumshtukiza, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amewahi kuendesha malori miaka thelathini, lakini hakuwa amewahi kumpinga mtu anayemnunulia dawa ya magoti.

Kazi ilichukua dakika arobaini. Daktari alibonyeza vitu, akapuliza kibodi, akabonyeza tena. Halafu akashauri eksozi nayo ikatwe kile kichujio chake ili gari lipumue. Ikakatwa. Fedha sawa na malipo ya mwezi mzima ya shule ziliingia katika koti jeupe, na Injinia akapewa karatasi yenye muhuri iliyosema kazi hii ina dhamana.

Ni lazima kumtendea haki: gari lilipaa. Asubuhi ya kesho yake lilipanda mlima kwa gia ya tatu na tangi limejaa pomoni, likaingia uwanjani kwa kishindo, nyuma likiacha wingu jeusi ambalo darasa la nne walilipungia mikono. Waashi walisimama. Mkuu wa shule alitoka ofisini na, kwa mara ya kwanza, akamkaribisha bila ile sentensi yake. Injinia alishuka taratibu, akafunga mlango kwa kidole kimoja. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ametambulishwa mahali hapo kama mume wa Mwalimu. Siku hiyo mwashi mmoja alimwita "mkuu". Babu, aliyekaa mbele, aliomba warudi wapande tena, hata kama hakukuwa na maji ya kuleta.

Mwalimu aliporudi alikuta shuka alizoanika mama wa jirani zimepata madoadoa ya masizi, na mama huyo amesimama mlangoni anasubiri mtu wa kumweleza. Injinia alieleza kwamba amesafisha nozeli na kubadilisha filta, kama alivyoagizwa, na kwamba uchafu wa zamani ndio unatoka. Mwalimu alimtazama baba yake. Babu alikuwa na kikombe cha chai mdomoni, na alikinywa kwa muda mrefu kuliko chai iliyokuwamo.

"Angalia mwenyewe," Injinia alisema, akampeleka kwenye dashibodi. Kioo kidogo kilionyesha kwamba gari linakula mafuta kidogo kuliko lilivyowahi kula tangu lizaliwe.

Mwalimu hakubishana na kioo. Alisema Jumatatu lijazwe hadi shingoni, Ijumaa lijazwe tena hadi shingoni, kituo kilekile, pampu ileile, na yeye awepo. Katikati ya siku hizo aliandika kilomita. Ijumaa alikaa mezani na kalamu kwa muda unaomtosha mwanafunzi wa darasa la sita, kisha akamsogezea mumewe karatasi. Gari lilikuwa linakunywa robo zaidi ya zamani. Daktari alikuwa ameifundisha kompyuta ya gari mambo mawili: kunywa, na kukana.

Injinia alisema kituo cha mafuta kinaiba. Mwalimu alikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya kopo la sukari, akaenda kulala. Hakuuliza swali jingine, na hilo lilimtisha Injinia kuliko swali.

Labda ndiyo maana Jumanne alipakia zaidi. Alitaka kumwonyesha mtu fulani jambo fulani. Tangi lilijaa, na nyuma ya pikapu akaongeza mifuko minane ya saruji ambayo waashi walikuwa wameiomba, kwa kuwa nguvu zilikuwapo na zilikuwa zimeshalipiwa. Babu aliitazama mifuko, akatazama tela, akasema tu kwamba leo mzigo ni mwingi. Akapanda mbele.

Walikwenda vizuri hadi kona ya mwisho, chini ya uwanja, kando ya vyoo vipya, pale barabara inaposimama kama ngazi. Kwanza ilikuja harufu ya kitu kinachoungua. Kisha injini ikanguruma kwa nguvu zake zote mpya, na magurudumu hayakupata hata moja. Klachi ilikuwa imekwisha. Injinia alikanyaga breki. Breki za pikapu zilijitahidi kuzuia pikapu. Kuhusu tela, hazikuwa zimewahi kuambiwa. Zile tani mbili zilianza kurudi nyuma polepole, halafu siyo polepole.

Chini yao kulikuwa na nyumba, na kamba za nguo, na mwanamke anafagia.

"Kata usukani," Babu alisema. Hakupaza sauti. "Kata kwangu. Tela ielekee ukutani. Usitazame mbele, tazama kioo. Hivyo. Kata zaidi."

Injinia alikata. Tela ilijipinda, ikaacha barabara, ikaingia kwenye ukuta wa vyoo vipya vya wasichana, vilivyokuwa vimebakiza plasta na milango tu. Ukuta ulilala chini wote, kwa ustaarabu, kama mtu aliyechoka. Tangi lilipasuka na kuumwagia maji yote ambayo waashi walikuwa wakiyasubiri. Pikapu ikasimama.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Kengele ya mapumziko ilikuwa saa nne kamili, na tangu juma lililopita watoto walikuwa na mazoea ya kukimbilia pale kuangalia vyoo vyao vinavyokua.

Mwalimu alifika akikimbia, chaki bado mkononi. Alimuuliza mumewe kama ameumia, akamuuliza baba yake kama ameumia. Walipojibu kwamba wazima, aliutazama ukuta, akatazama saa yake, akakaa chini juu ya tofali. Kengele ikalia. Alisimama akaenda kuwazuia watoto.

Mkuu wa shule aliuliza nini kimetokea. Watu walikuwa wamejaa, waashi, walimu, yule mwanamke na fagio lake. Injinia alitazama pikapu, akatazama tela, akaona kile chuma cha kuunganishia kimepinda kwa kugonga ukuta. Kilikuwa karibu, na hakikuwa na mdomo.

"Ni chuma," alisema. "Chuma kimelegea."

Alijisikia vizuri kwa muda wa dakika moja.

Daktari alipopigiwa simu alisikitika sana. Alieleza kwamba dhamana ni ya injini, na injini, kama alivyosikia, ilikuwa inanguruma mpaka mwisho. Klachi ni kitu kingine. Milima ni kitu kingine kabisa. Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani.

Lakini neno la chuma lilipatikana. Lilishuka mlima haraka kuliko tela, na kufikia Alhamisi wateja wawili walikuwa wameondoa kazi zao kwa mchomeleaji, mmoja geti na mwingine kitanda. Ijumaa akaitwa mbele ya kamati ya shule. Alikuja na nguo za kazi, miwani myeusi juu ya paji la uso, akakaa ukingoni mwa dawati la watoto, magoti yakimfika kifuani. Kamati ilikutana katika darasa la sita. Mwenyekiti alikaa kwenye meza ya mwalimu. Mwalimu mwenyewe, ambaye alikuwa katibu, alikaa pembeni na kitabu cha kumbukumbu. Injinia na Babu walipewa dawati moja, la nyuma.

Mwenyekiti, ambaye alipenda mambo yaishe kabla ya chai, alisema ukuta umeanguka, wasichana wanaendelea kwenda vichakani, na shule haina fedha za kuujenga mara mbili. Aliyetengeneza chuma kibovu ndiye atakayeujenga. Alimuuliza mchomeleaji kama ana la kusema.

"Nilimwambia aweke breki," mchomeleaji alisema.

"Hatuulizi breki. Tunauliza chuma."

Mchomeleaji aligeuza miwani yake mikononi. Alisema amechomelea miaka mingi na hakuna chuma chake kilichowahi kuachia. Kisha akasema jambo ambalo Injinia hakulitegemea, kwa sababu yeye mwenyewe asingelisema.

"Lakini binadamu anakosea. Kama ni chuma changu, nitajenga. Naomba nipewe muda tu, kazi zimepungua."

Mwenyekiti alisema huo ndio uungwana, na kwamba kwa ajili ya kumbukumbu dereva athibitishe. Watu wakageuka nyuma. Babu alikuwa anachunguza viatu vyake kama vya kuazima.

Mwalimu aliinua kalamu. Hakumwita mume wangu, wala baba watoto. Alimuuliza kwa sauti ileile anayomuulizia mtoto aliyesimama ubaoni na jibu lisilo lake.

"Niandike chuma?"

Injinia alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, fupi, na lilikuwa limeshatumika mara moja bila tatizo. Alimwangalia mchomeleaji, ambaye hakuwa anamwangalia. Alikuwa anatazama dirishani, anapiga hesabu ya matofali.

"Usiandike chuma," alisema. "Chuma kilipinda baada ya kugonga. Andika klachi iliungua. Andika injini iliongezwa nguvu na mzigo ukazidi, na breki za tela niliambiwa niweke nikakataa."

Mwenyekiti aliuliza nani aliruhusu gari lifanyiwe hivyo.

"Mwenye gari alikataa. Alisema lisiguswe. Nililipeleka alipokuwa semina, na aliporudi nikamdanganya."

"Mwenye gari ni nani?"

"Ni huyo anayeandika."

Kalamu ya Mwalimu haikusimama. Aliandika mpaka mwisho wa mstari, akahamia mstari mwingine. Mwenyekiti, kwa sauti ya chini, aliuliza kama mambo ya nyumbani ni lazima yaingie kwenye kumbukumbu. Mwalimu alisema yameshaingia. Kisha akayasoma yote kwa sauti, neno kwa neno, "nikamdanganya" likiwemo, na kumuuliza msemaji kama ameandikwa sawasawa. Injinia alisema ameandikwa sawasawa.

Ndipo Babu naye akainuka, kwa taabu, akashika dawati, akasema aandikwe na yeye, alikuwapo karakanani. Alisema alijua ni makosa, ila gari lilikuwa linapanda vizuri sana. Mtu mmoja alicheka. Hakuwa Mwalimu.

Ukuta ulimchukua Injinia wiki tatu. Kamati iliamua ajenge yeye, kwa nguvu zake, chini ya mwashi, na nguvu hizo hazikuhitaji kompyuta. Alichanganya saruji, akabeba matofali, akaambiwa na mwashi aliyewahi kumwita "mkuu" kwamba anashika mwiko kama kijiko. Kila mapumziko wasichana walipita mbele yake wakielekea bondeni, watatu watatu, wakimpa shikamoo moja baada ya nyingine, kwa heshima kamili. Hakuna adhabu ambayo kamati ingeweza kubuni ikaishinda hiyo. Alijibu marahaba mia na kitu kwa siku.

Mchomeleaji alirudishiwa geti lake, kitanda hakikurudi. Injinia alikwenda kumwomba radhi na kumlipa aweke breki za tela. Mchomeleaji alipokea kazi, akaifanya vizuri, akamkabidhi bila kumkaribisha kukaa.

Pikapu ilirudishwa kwenye hali ya kiwandani na fundi mwingine, asiyevaa koti lolote. Alibadilisha klachi, akasafisha nozeli, akatoa filta ya hewa iliyojaa vumbi kiasi cha kuoteshea mboga. Alishangaa gari lilikuwa linapumulia wapi muda wote huo. Funguo zilikaa kwa Mwalimu. Aliendesha yeye, asubuhi kabla ya vipindi na mchana baada ya vipindi, tangi jipya likiwa nusu, mara mbili kwa siku. Babu alikaa mbele na kumwambia lini abadilishe gia, akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Nyumbani Mwalimu aliongea na mumewe vizuri tu, kama anavyoongea mtu na mpangaji.

Siku milango ya vyoo ilipowekwa, mwashi aliondoka mapema. Mwalimu alishuka kutoka darasani peke yake. Aliusukuma ukuta kwa mkono, kisha kwa bega. Aliingia choo cha kwanza, akafunga mlango kwa komeo. Injinia alisimama nje na mwiko wake, hajui kama inafaa kusimama hapo au asogee. Akasogea. Akarudi.

Komeo likafunguka. Mwalimu alitoka, akaenda kwenye bomba la pipa la kunawia na kulizungusha. Lilikohoa hewa.

"Hakuna maji," alisema.

"Sijui. Mchana hamkuleta?"

"Nilibanwa na darasa la mtihani."

Alifuta mikono kwenye sketi. Alimtazama mumewe, saruji kwenye nyusi, kiganja kimefungwa kitambaa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akamrushia. Injinia alizidaka kwa mkono mbovu, akajizuia asionyeshe kwamba umeuma.

"Lita elfu moja," Mwalimu alisema, akianza kupanda kurudi darasani. "Nitapima."